Kaka Amebadilisha Oili?

Corinne Dombek alifika Jumamosi asubuhi, wiki mbili baada ya kumzika baba yake, amevaa ovaroli na bila habari ya kupiga hodi. Baba yake mkubwa, Florian, alikuwa jikoni akipambana na donati ya jamu iliyokuwa imeanza kugeuka tofali.

"Baba Mkubwa, funguo za gereji ziko wapi?"

"Karibu, mwanangu. Za nyumbani?"

"Za nyumbani ni kwamba baba yangu amezikwa akiitwa mwizi. Funguo."

Florian aliiweka donati chini kwa heshima zote, kama mtu anayeweka shada kaburini.

Ieleweke kwamba Florian Dombek hakuwa mtu wa hivi hivi pale Hamtramck, mji mdogo wa viwanda vya magari huko Marekani. Alikuwa hakimu. Kesi zake zilikuwa za magari ya zamani, yale yenye boneti ndefu na injini kubwa kuliko akili ya mwenye gari. Kila kiangazi alizunguka kwenye maonyesho akiwa na tochi na kioo kidogo chenye mpini, kama cha daktari wa meno, na wanaume wazima wenye chale mikononi walisimama kando ya magari yao kama wanafunzi wa bweni siku ya ukaguzi wa vitanda. Alichokitafuta ni namba. Kiwandani, bloku ya injini iligongwa alama za siku iliyoundwa, kisha, ilipoingizwa kwenye gari, ikagongwa tarakimu za mwisho za namba ya gari lenyewe. Tarakimu hizo zikilingana na kibati kilichopo chini ya kioo cha mbele, injini na gari ni mume na mke wa ndoa ya kanisani. Zisipolingana, basi wanaishi pamoja tu, na Florian hakuwa mtu wa kufumbia macho mambo ya namna hiyo.

Gari lililokuwa kwenye gereji yake halikuwahi kwenda kwenye maonyesho yoyote. Marehemu baba yao alilinunua jipya mwaka 1969 na akawaachia wanawe wawili walitumie kwa zamu: kiangazi kwa Florian, majira ya baridi kwa mdogo wake Rudy, baba yake Corinne, ambaye gereji yake ilikuwa na hita. Mambo yalikwenda salama mpaka mwaka ambao Florian alijifunza kusoma namba. Gari liliporudi kutoka kwa Rudy, alifungua boneti, akapangusa bapa dogo la chuma lililo mbele ya bloku, akaona alama za siku ya kuundwa. Pembeni yake, mahali ambapo namba ya gari ilipaswa kuwa, chuma kilikuwa laini kama yai.

Hukumu ilitolewa hapo hapo, mshtakiwa hayupo. Rudy ameuza injini ya baba na kupachika nyingine.

Mtu mwingine angekana. Lakini Rudy alikuwa yule aliyeshindilia samaki mbichi kwenye ekzosi ya gari la harusi ya kaka yake, na alipopigiwa simu alisema, "Ndiyo, kaka, nimeiuza. Nimenunua soseji. Zilikuwa tamu, nimekubakizia moja."

Florian alisikia ungamo. Jumapili iliyofuata, yeye akiwa misani, mkewe alimwona Rudy akitoka kwenye gereji huku akipiga mluzi, vidole vimejaa rangi ya njano. Florian alibadilisha kufuli siku hiyo hiyo. Gari likafunikwa turubai, na ndugu wawili wakaacha kusalimiana. Kila Krismasi Rudy alituma ujumbe mmoja tu kupitia jamaa: "Muulizeni, kaka amebadilisha oili?" Jamaa walicheka. Florian alinuna. Gari lisilowashwa linabadilishwa oili ya nini? Ilikuwa dhihaka, na alijiona ana akili sana kuitambua.

Sasa Corinne alivuta turubai, na panya mmoja aliyekuwa amejenga chini ya gurudumu akahama kwa hasira.

"Nusu ya gari hili ilikuwa ya baba," alisema. "Nataka usome namba mbele yangu, kama unavyowasomea watu baki. Ukinionyesha aliiba, nitaondoka na hutanisikia tena. Kama hakuiba, utasema wewe mwenyewe, kwa mdomo wako."

Florian alimulika lile bapa la mbele. Lilikuwa vile vile, laini kama yai.

"Unaona?" alisema, na sauti yake haikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi.

Corinne aliinama, akaangalia, akakuna kwa ukucha. "Na hapa ndipo mahali pekee wanapogonga?"

Florian alianza kufuta kioo chake kwa leso, ingawa kilikuwa kisafi.

"Baba Mkubwa, nimekuuliza."

"Hapana. Kuna kwingine. Chini, juu ya filta ya oili. Kulikuwa na kiwanda kilichogonga huko."

"Kiwanda cha gari hili?"

"Hicho hicho."

"Na umelijua hilo tangu lini?"

Alilijua tangu kiangazi kimoja cha mbali, alipokagua gari la mwaka ule ule na kuikuta namba pale chini, imetulia, inamsubiri. Alimpa mwenye gari alama zote. Jioni alirudi nyumbani, akasimama mbele ya turubai, tochi mkononi. Angeinama tu. Lakini kama namba ingekuwepo, angelazimika kuinua simu na kumwambia Rudy nilikosea, na Rudy angecheka mpaka Wakatoliki wote wa Hamtramck wasikie. Akaenda kula. Akajiambia ataangalia kesho, na kesho ikawa na shughuli nyingi.

"Siku nyingi," alisema.

"Baba alikuwa hai?"

"Alikuwa hai."

Corinne hakumtukana, na Florian alitamani sana amtukane. Alitandika tu kadibodi sakafuni, akapandisha gari kwa jeki, akaweka stendi za kulishikilia, akamwonyesha njia kwa kidole. Hakimu akalala chali.

Grisi ilikuwa nene kama uji. Alipangusa kwa kitambaa, na kabla hajaona namba yoyote aliona rangi ya njano. Mshale. Mshale mnene uliochorwa kwa brashi, ukielekea juu ya filta, na kwenye mkia wake uso wa mviringo uliotoa ulimi nje. Mtu yeyote ambaye angeingia pale kubadilisha oili na filta yake, ulimi ule ungemkaribisha puani.

"Nisomee kibati," alisema kwa shida.

Corinne alisoma tarakimu moja moja kupitia kioo cha mbele. Kule chini Florian alizifuata kwa kidole, zimegongwa kwa kupinda kidogo, jinsi mfanyakazi mwenye haraka anavyogonga.

"Zinalingana," alisema kwa sauti yake ya maonyesho, kwa kuwa hakuwa na nyingine. Kisha, "Rudy hakuiba. Mimi ndiye niliyemsingizia."

Corinne aliingiza kichwa chini ya gari aone. Alipoona ule uso alicheka, kicheko cha Rudy kabisa, kikakatika katikati.

"Alikuwa anakuambia kila Krismasi," alisema.

"Kila Krismasi."

"Hiyo rangi haikutoka kiwandani, Baba Mkubwa. Ungemkata alama ngapi?"

Florian alikuwa akipangusa grisi kuuzunguka ule uso, polepole, bila kuugusa.

"Nipe beseni na spana," alisema hatimaye. "Tubadilishe oili."

Ilitoka nyeusi na nzito, bila haraka yoyote. Florian alibaki pale chini mpaka tone la mwisho, na hata tone la mwisho lilipokwisha, hakutoka.