Kibao Kilichohama na Nyumba

Nguzo za hifadhi ya samaki ziliishia jikoni. Tulizichimbia kuzunguka kile kina cha maji ambamo samaki wazazi hujificha kiangazi. Mwaka uliofuata kila nyumba ilikuwa imeshapikia wali nguzo yake, hata yangu. Ndipo Mjomba Oeun, mwenyekiti wa kamati ya uvuvi, alipopigilia kibao cha "Marufuku Kuvua" juu ya mlango wake, kwa kuwa nyumba yake ilikuwa inaelea palepale kinani.

"Nani ataiba mlango wangu?" akauliza. Tukampigia makofi.

Maji ya ziwa letu, Tonle Sap, yakapungua. Kama kila mwaka, duka lilihamia mdomoni mwa mto, na nyumba zetu zote zinazoelea zikalifuata. Mjomba akahama nasi, na kibao chake. Akaifunga nyumba yake kwa kamba mbele ya yangu, pale mume wangu Vuthy hutega nyavu.

"Hapo sasa hifadhi, mwanangu," akamwambia. "Si unaona kibao?"

"Na kule kinani, Mjomba?"

"Kule kuna kibao?"

Kesho yake wapwa wake wawili walirudi kutoka kinani, mtumbwi umezama hadi ukingoni kwa samaki. Sisi wanawake tukakaa kuwapasua kwa ajili ya prahok, samaki wa kuchachusha tunaowala mwaka mzima. Wa kwanza niliyempasua alinijaza kiganja mayai. Wa pili vilevile. Binti yangu, niliyemfunga kamba kiunoni asitumbukie ziwani, alikuwa anachezea mapezi. Nikawaza: kina kikimalizwa kiangazi hiki, mwakani nitampa nini, kibao?

Kando yangu Shangazi Sokhom, mke wa Mjomba, alikuwa ameacha kupasua. Anayatazama mayai tu.

Jioni, kikao kikakaa barazani kwao. Nikasimama na karatasi ya sheria zetu. Kusoma nimejifunza ukubwani, madarasa ya jioni pale hekaluni.

"Hapa imeandikwa hifadhi ni kina," nikasema. "Kibao hakikutajwa."

"Karatasi yako imelowa, binti," Mjomba akajibu. "Kibao changu kikavu."

Watu wakacheka. Nikakaa, uso unaniwaka.

"Jamani," Shangazi akasema toka jikoni, "naomba kuvutwa."

Kwetu mwenye nyumba akiomba nyumba yake ivutwe kwa mitumbwi, hakataliwi. Yeye deni lake kwa wavutaji ni uji tu.

"Kuvutwa wapi, mama?" Mjomba akauliza.

"Kinani. Kibao chako kimepotea njia, tukirudishe kwao. Uji uko motoni."

Asubuhi mitumbwi kumi na miwili ilivuta, Vuthy akiwa mbele, anapiga miluzi. Mjomba alikaa juu ya paa akituelekeza njia, kana kwamba safari aliiomba yeye.

Sasa anaishi peke yake na mkewe, mbali na duka, mbali na karata. Mtumbwi ukikaribia tu, anatoka na kasia. Wapwa wake ndio waliofukuzwa kwanza. Vuthy anasema hafukuzi, anatafuta wa kuongea naye.

Mvua za kwanza zilipokuja, vifaranga vya samaki vilijaa chini ya sakafu yao, vyeusi kama ufuta uliomwagika. Binti yangu alilala kifudifudi kuvitazama, kamba imekazika.

Wageni wa mjini walikuja kumpongeza mwenyekiti anayeishi ndani ya hifadhi. Akawaambia wazo lilikuwa lake tangu mwanzo.

Hatukubisha. Shangazi alikuwa anagawa uji.