Mkono wa Karani

Picha ilishushwa ukutani kwa sababu Mzee alikuwa anakufa na alitaka kuagana nayo ikiwa safi. Alisema hivyo mwenyewe, bila kumung'unya maneno. Daktari alikuwa ameshamrudisha nyumbani akale anachokitaka, na mwalimu mkuu mstaafu hahitaji kufafanuliwa maana ya ruhusa kama hiyo.

Bintiye aliifunga picha kwa shuka akaipeleka kwa fundi wa picha. Kusafisha picha hakukumshughulisha hata kidogo. Yeye alikuwa na lake moja: mdogo wake arudi nyumbani kabla Mzee hajafumba macho. Mdogo wake huyo alikuwa akifanya kazi katika bohari la saruji, mji mwingine, na kila alipoombwa aje alijibu kwamba hana ugomvi na mtu, ila nyumba ile haingii.

Chanzo kilikuwa picha hiyo hiyo. Ilimwonyesha babu yake Mzee, aliyeitwa Karani, ameketi mezani na kalamu mkono wa kushoto, koti limefungwa vifungo kwa upande wa kike. Koti lilikuwa utani wa ukoo. Walisema siku ya kuchorwa alichelewa, akavaa la mkewe gizani. Mkono haukuwa na utani. Mkono ule uliandikia mji mzima barua zao, na Mzee mwenyewe alizaliwa mashoto. Utotoni alichapwa sana kwa ajili hiyo, mpaka siku baba yake alipomsimamisha mbele ya picha akamwambia, "Hujakosea mwanangu, umerithi." Tangu hapo akatembea kifua mbele.

Kwa hiyo alipopata mtoto wa kiume, akamwita Shoto kabla hata hajajua kushika kijiko. Mtoto akatoka wa kulia. Mzee akasema samaki mkunje angali mbichi, akawa anaufunga mkono wa kulia wa mtoto kwenye kiti kwa kitambaa, kila jioni, saa ya masomo. Wa kike hakuangaliwa anaandikia mkono gani, akaandika anavyotaka na kufaulu. Shoto aliandika kama kuku aliyekanyaga wino. Akaanguka mtihani, akarudia, akaanguka tena, akaondoka na begi moja.

Fundi wa picha alikuwa mtu wa maneno mengi. Aliposafisha masizi, alimwita bintiye Mzee aje aone. Akamwambia kwamba nyumbani kwao walidanganyana. Karani hakuketi mbele ya mchoraji yeyote. Vivuli vyote usoni vilikuwa mistari iliyopitana kama wavu, na aliyechora alikuwa ameinakili picha ya kitabuni, iliyochongwa kwenye bamba la shaba. Kitabu chenyewe alikijua, akasema kipo maktaba kuu.

Bintiye Mzee alikwenda maktaba siku hiyo hiyo. Kilikuwa kitabu cha msafiri mmoja aliyepita zamani. Msafiri alimchora Karani kwa penseli, mchongaji wa mbali asiyewahi kumwona akamchonga kwenye shaba, kitabu kikapigwa chapa. Karani alifariki mwanawe angali mchanga asiyemkumbuka, na mwana huyo alipokua akaupeleka ukurasa wenye picha kwa mchora vibao vya maduka amtengenezee baba yake kwa rangi. Na kweli, Karani yule yule: meza, kalamu kushoto, vifungo upande wa kike.

Bintiye Mzee alikuwa mchonga mihuri. Ana diploma ya uchapaji, na somo la kwanza kabisa walilofundishwa ni kuchonga kinyume, kwa sababu karatasi hugeuza kila kitu. Alivitazama vile vifungo, akacheka peke yake. Kicheko hakikufika mwisho. Mchongaji alikuwa amesahau kugeuza. Koti lilikuwa la kiume, na Karani alikuwa mtu wa kulia.

Njiani alijipa moyo. Mzee akijua ukweli ataona alichofanya. Akiona, atasema neno moja tu kwenye simu, na mdogo wake atakuja. Mtu mzima mwenye watoto, lakini alipanga mambo kama mtoto apangavyo mawe.

Alimkuta Mzee ameegemezwa mito. Akamweleza yote, akamwekea na kioo mbele ya picha. Ndani ya kioo koti likakaa sawasawa, na kalamu ikahamia kulia. Mzee alitazama kwa muda mrefu. Kisha akauangalia mkono wake wa kushoto uliolala juu ya blanketi, kama kitu alichoachiwa na mgeni.

"Kwa hiyo mimi sikurithi kwa mtu," akasema.

"Baba, mimi nazungumzia Shoto."

"Nimesikia unayemzungumzia." Akafumba macho. "Nani mwingine anajua?"

"Fundi anajua imenakiliwa. Ya mkono najua mimi."

"Basi ibaki hapo. Toa hicho kioo."

Bintiye alimbembeleza, kisha akamkaripia kama anavyowakaripia wanawe. Mzee akasema mchongaji ndiye aliyekosea na amekwisha kufa, nani atamhukumu. Akageukia ukutani.

Bintiye akatoka chumbani hadi ukumbini, akampigia mdogo wake. Kule boharini kulikuwa na kelele za toroli. Alimweleza haraka, akijua anatoa karata yake ya mwisho: Karani hakuwa mashoto, lilikuwa kosa la chapa, yeye Shoto hakuwa na ila tangu mwanzo.

Shoto akasogea mbali na kelele.

"Dada," akasema, "unajua hapa nasaini kwa dole gumba?"

"Lakini kuandika unajua."

"Nilijua. Nikishika kalamu kulia, mkono unangoja kufungwa. Nikishika kushoto, natoka jasho. Nikaona yaishe."

"Njoo umwambie hayo mwenyewe. Siku zake zimebaki chache."

"Zamani nilikuwa najiambia, Mzee alinikosea lakini kulikuwa na sababu, kulikuwa na Karani." Akakohoa vumbi la saruji. "Sasa umeniondolea hata hiyo. Nije niseme nini? Msalimie."

Simu ikakatwa. Alipiga tena, haikupokelewa.

Aliporudi chumbani, Mzee alikuwa macho. Mlango haukuwa umefungwa vizuri, na ukuta wa nyumba ile haujawahi kuzuia sauti.

"Anakuja?"

Hakuwa mtu wa kudanganya wagonjwa. "Haji, Baba."

Mzee akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mwalimu aliyesomewa jibu sahihi. Akaomba maji. Bintiye akamwekea glasi karibu na mkono wa kushoto. Mzee hakuigusa, akangoja mpaka akanyweshwa.