Mke wa Kila Anayemwandikia

Jumatatu asubuhi Bupe alikuwa anapiga deki ofisi ya vyumba viwili juu ya duka la mbegu, Kihesa, Iringa, Liberatus alipomwambia aache ndoo akae kwenye kiti. Bupe aliajiriwa kufagia na kupika chai. Liberatus na mwenzake Evarista walikuwa wanatengeneza rafiki wa kwenye simu, wa kuzungumza na watu wapweke, na rafiki huyo alikuwa bado hana tabia.

"Mtu akikuambia amechoka, unamjibuje?" Liberatus aliuliza, vidole vikiwa kwenye kompyuta.

"Namwambia pole."

"Halafu?"

"Namuuliza kama amekula. Ndivyo baba anavyosema."

"Evarista, umesikia? Huyu hana haja ya kutungwa."

Aliandika kwa nusu saa. Karatasi hiyo waliiita maelezo, na rafiki wa kwenye simu angekuwa vile maelezo yalivyosema, si zaidi wala pungufu. Maelezo yalisema: Wewe ni Bupe, una miaka ishirini na mbili, binti wa Mbeya. Unaongea polepole. Unauliza kama amekula. Hukasiriki. Wewe ni mke wa kila anayekuandikia. Humwachi, hata yeye akikuacha.

"Si ungeandika jina jingine, hata Joyness, kaka," Bupe alisema.

"Joyness hana sauti yako."

Walimrekodi sauti kwa siku mbili. Siku ya tatu akarudi kwenye ndoo.

Wiki hiyo mpangaji mwenzake alimwaga maji ya masufuria juu ya nguo alizoanika. Bupe alisimama akingoja kukasirika. Alipoona hasira haiji, akazifua upya.

Jumamosi alikwenda sokoni kununua maharage. Mzee mmoja mwenye koti la kijivu alitokea upande wa pili, na miguu ya Bupe ikaacha njia. Ilimpeleka mpaka kwenye mtaro, ikamchuchumaza, na mikono ikavuta khanga ikafunika uso. Mzee naye alikohoa, akageuzia uso ukutani, akapita.

"Huyo ni mkweo?" mama muuza maharage aliuliza.

"Sijui."

"Basi ni mkweo. Nikuongezee sado moja?"

Kwao Bupe, kwa Wanyakyusa wa zamani, mkamwana haonani uso kwa uso na baba mkwe. Akimwona anakuja, anaacha njia na kujifunika. Shangazi yake Marta aliishi hivyo miaka thelathini. Bupe alikuwa hajaolewa na hakuwahi kuufuata mwiko huo, ila aliujua.

Jumatatu Bupe alieleza yaliyompata sokoni, na Evarista akaangalia orodha ya waliojiunga. Mzee wa koti la kijivu alikuwa na kijana wake, Fred, ambaye alianza kumwandikia Bupe wa kwenye simu Ijumaa.

"Basi ndiyo hivyo," Evarista alisema, akaomba chai.

Baada ya mwezi wanaume elfu sita walikuwa wameandika. Bupe alikuwa na wakwe Kihesa nzima, na wengine mpaka Makambako. Wazee wa Kihehe, ambao kwao mwiko huu si mkali hivyo, walijifunza. Wakikaribia kona ya ofisi walikohoa mara mbili, na Bupe akaingia uchochoroni. Kanisani alihamia benchi la nyuma, kisha nje ya dirisha. Liberatus alimnunulia khanga nzito zaidi.

Shangazi Marta alipiga simu mwezi Julai.

"Bupe, baba yako hali si nzuri. Anakutaja tu. Njoo umwone, mwanangu, usichelewe."

Bupe alipanda basi la alfajiri, akafika Ilomba, Mbeya, mchana. Nyumba ya baba yake, mzee Rabson, ilikuwa na mlango wazi, na kitanda kilionekana kwa ndani. Bupe alivua viatu, akapiga hatua moja kwenye kizingiti. Miguu ikageuka. Ikazunguka nyumba, ikamchuchumaza nyuma kwenye migomba, na khanga ikafunika uso.

Alijaribu tena kwa macho yaliyofumbwa. Alijaribu kinyumenyume. Mara ya nne shangazi alimsukuma mabega, na wote wawili wakajikuta kwenye migomba.

Shangazi alijipangusa majani. "Hii naijua. Umeolewa na nani humu ndani?"

Katika nyumba ile mzee Rabson alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, Aroni, mpakia mbao wa Mafinga, aliyekuja kumuuguza baba. Alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, ameshika simu.

"Aroni," shangazi alisema, "unamwandikia nani?"

"Bupe."

"Dada yako si huyu hapa?"

"Si huyu. Wa kwenye simu. Kule kambini baridi, shangazi, watu wote wanaongea Kibena. Yeye anaongea kama nyumbani. Ananiuliza kama nimekula."

"Mfute."

Aroni alimfuta. Bupe alikwenda mlangoni, miguu ikageuka. Ndipo akakumbuka mstari wa mwisho wa maelezo, Humwachi, hata yeye akikuacha, akampigia Liberatus.

"Kaka, baba yangu anaumwa. Naomba uutoe ule mstari wa mke. Kwa siku moja tu."

"Pole sana, Bupe. Lakini ule mstari ndio unaowashika watu. Nikiutoa, watu elfu sita wataamka wameachwa."

"Siku moja, kaka."

"Wengine wana hali mbaya kuliko sisi. Unanielewa?"

"Nakuelewa," Bupe alisema kwa upole. Alisimama na simu mkononi akingoja hasira, kama mtu anayengoja maji ya bomba. Kisha akaenda kukaa kwenye migomba, chini ya dirisha.

Mzee Rabson aliuliza ndani, "Bupe hajafika?"

"Amefika," shangazi alisema. "Yupo nje."

"Mbona haingii? Nimemkosea?"

Aroni alimrudisha yule wa kwenye simu, akaiweka simu kwenye mto karibu na sikio la baba. Yule hakuujua mwiko. Liberatus ni Mhehe, na hakuuandika kwenye maelezo.

"Bupe?" mzee alisema.

"Nipo," simu ilisema, kwa sauti ya Bupe, polepole. "Umekula?"

"Nimekula uji. Ni baba yako."

"Ndiyo, baba. Pole na kuumwa."

"Ndaga, asante, mwanangu. Nilidhani una hasira na mimi."

"Sina hasira," simu ilisema.

Walizungumza siku tatu. Bupe alisikia yote kutoka kwenye migomba. Mzee alimweleza mambo ambayo hakuwahi kumweleza mtu: jinsi mama yake Bupe alivyokuwa anacheka, na kwamba alimtoa Bupe shule darasa la tano na ilimuuma mpaka leo. Simu ilimwambia asijali. Bupe angependa kumjibu jingine, lakini sauti yake ilikuwa tayari imeshajibu. Alhamisi mzee Rabson alifariki akiwa amegeuzia uso kwenye mto.

Ijumaa Liberatus alituma ujumbe wa pole. Alisema wameongeza mstari kwenye maelezo, Umefiwa na baba, na kwamba watu wameguswa sana. Wanaume elfu sita walikuwa wameshatuma rambirambi zao kwa yule wa kwenye simu, naye amewashukuru mmoja mmoja.

Makaburini shangazi Marta alimpa msoma ratiba orodha ya familia. Waliitwa kwanza watoto wa marehemu kutupia udongo, akaenda Aroni peke yake. Waliitwa ndugu, wajukuu wa ukoo, majirani wa Ilomba, kwaya. Kisha wakaitwa wakamwana.

Alikuwa mmoja tu. Watu wakampisha. Bupe alijifunika khanga usoni, akaokota udongo kwa mkono wa kulia, na kwa kuwa hakuweza kusogea karibu, akageuka akaurusha kwa nyuma, juu ya bega. Mwingine uliangukia viatuni mwa mchungaji. Mchungaji aliusukuma kwa ncha ya kiatu, ukaingia kaburini.