Kaseti Isiyo na Mwimbaji

Asajile aliacha bendi kwa sababu ya majina. Watu wa Tukuyu wana sababu zao, eti mwanamke, eti pombe, eti aligombana na mpiga besi. Waache waseme. Kibanda changu cha kaseti kilitazamana na ukumbi waliofanyia mazoezi, na siku aliyoacha alivuka barabara akaja kuniambia mimi kabla ya mtu mwingine.

Bendi yenyewe iliitwa Ngosi Stars, vyombo vikiwa mali ya shirika la umma ambalo sasa halipo. Ezron alikuwa kiongozi na mwimbaji, Asajile alipiga gita la solo. Aliyewahi kucheza dansi anajua utaratibu: mwimbaji anaimba beti zake, kisha anapisha, na gita la solo linaachiwa uwanja mpaka wimbo uishe. Ezron alikuwa hapishi. Hapo ndipo alipoanza kuita majina. Meneja fulani yupo, katibu fulani yupo, na ilipokuja ruksa ya kila mtu kufanya biashara na maduka yakafunguliwa kila kona, akaongeza wenye maduka na wake zao. Anayeitwa hupanda jukwaani kumtuza. Gita linalia nyuma, lakini masikio ya ukumbi mzima yanasubiri jina lijalo.

"Mama Samira, nimepiga miaka kumi na moja," Asajile aliniambia, "na hakuna mtu aliyewahi kusikia wimbo wangu ukiisha."

Hilo ndilo alilolifuata alipoondoka peke yake. Umaarufu hakuutaka, wala safari za Dar. Alitaka watu wasikilize gita lake mpaka mwisho, bila mtu kuongea juu yake. Nilimwambia ni jambo dogo. Sikujua ninachosema.

Alirudi kwao Lufingo kwenye migomba yake. Akapata gita kavu, lisilotumia umeme, kwa mtu wa mpakani Kasumulu, na baada ya mavuno mawili akapanda Hiace kwenda Mbeya, ambako bwana mmoja alikuwa na chumba cha kurekodia. Akarudi na kaseti moja yenye nyimbo sita, gita tupu, hakuna kuimba. Mimi nilikuwa na redio ya kaseti mbili, moja inapiga nyingine inarekodi, basi nikaanza kutoa nakala na kuuza.

Wa kwanza kurudisha alikuwa mfanyakazi wa hospitali ya Igogwe, mtu mstaarabu tu. Aliiweka kaseti mezani akasema nimemrekodia vibaya, sauti ya mwimbaji imefutika. Siwezi kumlaumu. Kaseti zetu za wakati ule zilikuwa nakala ya nakala ya nakala, na upande mmoja wa sauti kufa lilikuwa jambo la kila siku. Nikamweleza kwamba mwimbaji hayupo, ndivyo ilivyo. Alinitazama kama muuza nyama anayekataa kwamba nyama yake imeoza. Akaja wa pili na maneno yaleyale, akaja wa tatu. Mama mmoja alinishauri nisafishe mashine yangu kwa spiriti, labda mwimbaji atarudi. Nikarudisha hela, nikazirundika kaseti chini ya meza.

Kila Alhamisi Asajile alishuka sokoni na ndizi zake, akipita kwangu kuniuliza watu wanasemaje. Nikawa namjibu kwamba zinakwenda taratibu. Yeye ni mtu asiyesema uongo, kwa hiyo hakujua kuusikia.

Mwaka uliofuata shirika likauzwa, vyombo vikafungiwa stoo, bendi ikafa. Ezron alibaki na kipaza sauti na spika moja. Akageuka mshereheshaji, yule wa kuongoza harusi na kuita watoa zawadi. Siku moja alikuja kibandani akitafuta muziki usio na maneno, maana muziki wenye mwimbaji ulikuwa unamchanganya akitangaza. Nilijua kabisa nifanye nini. Nilipaswa kumwambia sina. Badala yake niliinama chini ya meza nikamtolea kaseti moja ya Asajile.

Basi washereheshaji wengine nao wakasikia. Wakaja kutoka Kiwira, wakaja kutoka Kyela. Nikakata karatasi mpya za kaseti, nikaandika kwa mkono wangu, herufi kubwa: MUZIKI WA SHEREHE, HAUNA MANENO. Chini yake nafasi ilikuwa finyu, jina la Asajile halikuenea, nikaliacha. Zilitoka kama maandazi ya asubuhi. Asajile aliponiuliza nikamwambia zimekwisha, narekodi nyingine. Alifurahi mpaka akashindwa kuongea. Akaanza kutunga nyimbo za kaseti ya pili, huku nyasi zikimea kwenye migomba yake. Niliona haya, tena haya kubwa, lakini nikaendelea kuuza.

Tulikutana wote kwenye harusi ya Lusungu, mpwa wa Asajile, kule Igogwe, Jumamosi mchana. Uani palijaa. Asajile alivaa koti, akakaa jirani nami, sahani ya ndizi na nyama magotini. Ezron akashika kipaza sauti, akatangaza kwamba sasa ni wakati wa zawadi, kisha akabonyeza redio.

Asajile alitambua gita lake kabla sijalitambua mimi. Aliacha kutafuna. Na hapohapo Ezron akaanza: mzee Ambilikile na familia, blanketi, mama Neema wa Lufingo, sufuria, karibuni, karibuni, msione haya. Sauti ileile, mahali palepale.

Asajile aliweka sahani chini, akaenda mpaka kwenye redio, akaizima. Foleni ya watoa zawadi ikasimama. Asajile akatoa kaseti, akasoma karatasi yake. Mwandiko wangu mji mzima unaujua. Aliinua macho akanitazama, mimi, si Ezron, kisha akairudisha kaseti, akabonyeza, akaja kuketi.

"Zote ulizoniambia zimekwisha," akauliza polepole, "zilikwenda hivi?"

Nikamwambia zote. Nikamwambia pia za kwanza zilirudishwa na sikumwambia. Hakunigombeza. Angenigombeza ningepata la kujibu, maana mdomo ninao.

Nilikasirika, nikajikasirikia mwenyewe kwanza, halafu Ezron, halafu ua mzima. Nikachukua doti yangu ya kanga, nikapanga foleni. Nilipofika mbele Ezron akanyoosha kipaza sauti, "Mama Samira wa kaseti, doti ya..."

"Usiniite," nikamwambia. "Mtoa zawadi anaomba neno lake, na langu ni hili. Funga hicho kipaza sauti mpaka upande huu wa kaseti uishe."

Alidhani natania. Nikaishikilia kanga yangu, sikumpa bibi harusi. Shangazi wa Lusungu akasema mtoa zawadi asikilizwe, ndiyo desturi, na foleni nyuma yangu ilikuwa ndefu. Ezron akazima.

Sitadanganya kwamba watu walitulia. Wengine waliendelea kula. Mzee mmoja aliuliza kama spika imekufa, mwingine akaenda kutikisa waya. Watoto walikimbizana. Lakini gita lilikuwa peke yake pale uani, na mimi nikiwa nimesimama na kanga mkononi, nikagundua jambo la aibu kuliko yote. Nimerekodi kaseti ile mara zisizo na idadi, na sikuwahi kuisikiliza mpaka mwisho. Sikuzote palikuwa na mteja, na mimi nilikuwa naongea.

Wimbo wa mwisho ulikuwa wa taratibu. Karibu na kuisha, kidole kikateleza, waya wa gita ukakwaruza, gita likasita kidogo kisha likashika njia yake. Halafu ukaisha, na redio ikajizima yenyewe, tak.

Ezron akarudi kazini papo hapo. Nikatoa kanga yangu, nikarudi kwenye kiti. Asajile alikuwa ameinama, mkono wa kushoto bado ukibonya hewa juu ya goti.

"Pale karibu na mwisho nilikosea," akasema. "Miaka yote hii hakuna aliyeniambia."

"Ulikosea," nikamjibu. "Kidole kiliteleza, nimekisikia."

Akageuka kunitazama, machozi yamemjaa. Sijawahi kumwona mtu akifurahi hivyo kwa kuambiwa amekosea.