Keki Ndiyo Itakayochagua

Skuta mbili zilisimama mbele ya duka, moja nyeupe na nyingine ya bluu, zimefanana mpaka muuzaji mwenyewe alilazimika kuinama asome kibandiko kabla ya kuzisifu.

"Nyeupe," kaka mtu akasema, hata hajazikaribia. "Hicho ndicho chuma."

Dada yake, mpika keki, alikuwa na kipimo chake. Alikuja na maboksi mawili, na katika kila boksi keki ndogo ya ghorofa mbili, imepakwa krimu asubuhi ileile. Siku hizi keki zake zilikuwa zikifika kwa wateja zimelala ubavu, na mama wa bibi harusi wa kesho alikuwa amemwambia kavukavu: ya kwangu ikivunjika, nitakutangaza mji mzima. Jina ndilo lililokuwa mtaji wake. Kaka yake, ambaye ndiye aliyezipeleka keki hizo, aliapa kwamba kosa ni la pikipiki yao kuukuu, springi zimekufa. Naye akamwamini, maana kaka ni kaka.

"Keki ndiyo itakayochagua," akasema.

Muuzaji akacheka. "Mama, wahenga walisema mchagua jembe si mkulima."

"Basi mimi si mkulima. Mimi naoka keki."

Kaka akatangulia. Akaweka boksi pale pa kuwekea miguu, akawasha nyeupe, akaondoka kwa mbwembwe kuzunguka mtaa na matuta yake yote. Aliporudi, ghorofa ya juu ilikuwa imeegemea ukuta wa boksi kama mlevi.

"Kumbe nyeupe haifai!" akasema bila haya. "Chukua bluu, mdogo wangu. Mimi tangu mwanzo moyo wangu ulikuwa kwenye bluu."

Dada mtu akapanda ya bluu mwenyewe. Kuendesha alifundishwa na kaka huyuhuyu, kabla oveni haijamfunga ndani. Akayapita matuta yaleyale polepole, akibana breki mapema. Akarudi, akafungua boksi: keki imesimama wima, hata ua la krimu halijasogea. Muuzaji alikuwa keshashika kalamu.

Mwingine angelipa hapohapo. Lakini yeye ni mpishi, na mpishi mkate ukikataa kuumuka halaumu oveni kabla ya kuikagua hamira.

"Kaka, zunguka na hii bluu. Keki hiihii."

Akaenda. Walilisikia tuta kabla ya kumwona yeye. Boksi lilipofunguliwa hapakuwa na ghorofa tena, ni krimu na makombo.

Muuzaji akajitia kufuta kioo cha pembeni. Kaka akaitazama keki, akaitazama skuta, akakosa wa kumsingizia.

"Ni mimi," akasema hatimaye. "Keki zote zile, ni mimi."

Dada alikasirika na kumhurumia kwa pamoja. Jina lake lilikuwa karibu kuzikwa, na aliyeshika jembe alikuwa mtu wa tumbo moja naye. Hata hivyo hakupandisha sauti.

"Zote mbili nzuri," akamwambia muuzaji. "Rangi achague kaka."

"Nyeupe," kaka akasema, macho chini.

Dada akalipa, akapokea ufunguo, akautia mfukoni mwake.

"Kesho naendesha mimi. Wewe utakaa nyuma, umeikumbatia keki. Tukikutana na tuta, kaka, ndipo utakapojua moyo wangu unavyokuwa kila unapoondoka na kazi yangu."

Kaka akapanda nyuma palepale, akalikumbatia boksi la makombo kwa mikono miwili.