Msitu Usio na Watoto

Watu wa mjini waliusifu ule msitu kwa usafi wake. Ukiingia unaona mbali, shina baada ya shina, hakuna kichaka cha kukuchana wala majani ya kuficha nyoka, na popote ugeukapo kuna swala amesimama anakutazama. Bi Miche, aliyezeekea kwenye kitalu cha miti, ndiye peke yake aliyetoka humo mwili ukimsisimka. Msitu gani huu, aliuliza, wenye wazee watupu na hauna hata mtoto mmoja?

Hakukosea. Tangu wafugaji walipomtilia sumu chui wa mwisho, swala walizaana hadi wakapitiliza. Walikula vichaka, kwale wakakosa pa kutagia. Walikula maua, nyuki wakahama. Kila jani lililokuwa chini ya kimo cha mtu lilitoweka, kana kwamba fundi amepita na kamba na mkasi. Kilichobaki ni miti mikongwe na kimya cha nyumba iliyohamwa. Kisha upepo ukauangusha mti wa mwisho wa aina moja yenye maua mekundu. Mbegu zake zilikuwa zimeota kwenye viriba, vile vifuko vya udongo vya kitaluni, vya Bi Miche, na kila mche aliopeleka msituni uliliwa. Sasa alibakiwa na miche ya kujaza beseni moja tu, na ikiliwa hiyo, basi mti ule umekwisha.

Shida ilikuwa mkwe wake. Huyu alikuwa askari wa wanyamapori, kijana mpole aliyemwoa binti yake, na swala aliwapenda kama wanawe. Wengine aliwapa majina, jambo ambalo mtu mwenye akili zake hafanyi kwa kundi lisilohesabika.

"Mama, unaniambia niue," alisema.

"Nakuambia upunguze."

"Kupunguza ndiko kuua kwa adabu."

"Mchelea mwana kulia hulia yeye," Bi Miche akamjibu, akainama kulichukua beseni. "Twende ukaone kwa macho yako."

Mkwe alimpokea beseni, maana hakuweza kutembea mikono mitupu na mama mkwe ana mzigo. Walipanda miche msituni asubuhi hiyo, yeye akichimba, mama akitoa mche kwenye kiriba na kuushindilia udongo. Kando ya kila mche Bi Miche alichomeka kijiti kilichopakwa chokaa, ili akirudi kumwagilia asiupoteze. Ndivyo alivyofundishwa kazi, na ndivyo alivyowafundisha wengine. Walipomaliza wakapanda juu ya jiwe, wakaketi kusubiri.

Swala walikuja mchana kweupe. Hawakutoa sauti yoyote. Ungedhani ardhi ndiyo iliyokuwa ikiwasogeza. Jike mmoja alitangulia, akafika kwenye mche wa kwanza, akaula. Hakunusa chini, hakutafuta. Aliinua kichwa, akatazama kushoto, akatazama kulia, akakiona kijiti cheupe cha pili. Akakiendea moja kwa moja.

Bi Miche alimtazama akifika hivyo hivyo kijiti cha pili, cha tatu. Hofu aliyoipata haikuwa ya mnyama. Ilikuwa ya kujua.

"Miaka yote hii," alisema polepole, "mimi ndiye niliyekuwa nawapakulia."

Aliteremka jiweni na magoti yake mabovu, akakimbia kuelekea upande ambao hawajafika, lakini walikuwa wengi na walishatawanyika. Akauwahi mche mmoja, wa mwisho, mrefu kama kiganja chake. Akang'oa kijiti, akakivunja, akasimama juu ya mche huo miguu huku na huku. Swala wakasimama pia. Alipiga makofi. Akafoka. Akaokota bonge la udongo akamtupia yule jike, likampata begani, na jike hakupepesa jicho. Walimkaribia mpaka akasikia pumzi zao. Hapo ndipo alipoona mbavu zao zimechomoza na ngozi imewapwaya, na bado matumbo ya majike yalikuwa na mimba.

Jike akakunja magoti, akalala. Mwingine naye akalala, na mwingine, mpaka wakamzunguka pande zote, nyuso zikimwelekea yeye. Bi Miche akaelewa. Walijua kwamba watu hurudi nyumbani, na wao hawakuwa na haraka.

Mkwe alipita katikati yao, hakuna aliyempisha. "Mama, twende," alisema. "Jua litakuumiza."

"Nikiondoka?"

Mkwe alimwita yule jike kwa jina alilompa, mara mbili, kwa sauti ya kubembeleza. Jike hakusogeza hata sikio. Macho yake yalikuwa kati ya miguu ya Bi Miche. Mkwe alimtazama mbavu zile kwa muda mrefu, kama mtu aliyeitwa kumtambua maiti wake. Kisha akaishusha begani bunduki anayoibeba kwa ajili ya majangili, ambayo hajawahi kumlenga nayo kiumbe.

"Nenda nyuma ya lile jiwe, mama. Usiangalie."

"Siendi, mwanangu. Nikipiga hatua moja tu watauwahi."

Basi Bi Miche akafumba macho. Hilo ndilo alilolidai kwa maneno makali mwaka mzima, na sasa machozi yalimtoka asijue anamlilia nani. Bunduki ililia karibu sana, masikio yakamziba. Alisubiri kishindo cha kwato, kundi zima likikimbia kuokoa roho zao.

Hakikuja.

Alipofumbua macho, jike alikuwa amelala ubavu, na hakuna aliyekimbia. Hawakujua tena kukimbia ni nini. Mmoja wa nyuma aliinuka, akaupita mzoga, akajilaza karibu zaidi na mche, akaendelea kungoja. Mkwe alifuta uso kwa mkono wa shati, akatia risasi nyingine.