Kiungo wa Daraja la Tatu

Bi Mahbuba alikwishawaambia ukoo mzima kwamba Talal, mtoto wa mdogo wake, ni mchezaji mkubwa wa mpira Ubelgiji. Kwa hiyo timu moja ya daraja la pili hapa Maskati ilipomchukua Talal kwa msimu mmoja, ujana umeanza kumtupa mkono na goti linamsumbua, Bi Mahbuba alimpa chumba nyumbani kwake, mtaa wa Al Khuwair. Siku ya mechi ya kwanza akajaza jamaa kwenye magari, na kahawa juu, wakamfuata hadi mji wa Qurayyat.

Talal alipowaona jukwaani alikosa raha. Maisha yake yote alikuwa kiungo wa chini: kukata mashambulizi, kumpasia aliye karibu. Ni kazi ambayo ikifanywa vizuri haionekani. Siku ile ilionekana. Joto lilimlemea, akanyang'anywa mpira katikati ya uwanja, bao likaingia. Kipindi cha pili hakurudi.

Garini, binamu yake Awadh alimuuliza kwa upole, "Huko ulikuwa ukicheza timu gani hasa?"

"Mwache, kachoka," Bi Mahbuba akamkata.

Jamaa walipokwisha kuondoka, Talal alimfuata jikoni.

"Mama mkubwa, mimi si mchezaji mkubwa. Nimecheza daraja la tatu na la nne. Asubuhi nilikuwa napakia biskuti ghalani, jioni mazoezi. Mara moja timu kubwa iliniita kunijaribu. Wiki hiyohiyo mama akafanyiwa upasuaji. Sikwenda."

"Mamako mwenyewe anajua?"

"Sikumwambia."

Bi Mahbuba aliendelea kusugua sufuria iliyokwishatakata. Uso ulikuwa umemshuka. "Nimesema sana mie. Mpaka kwa majirani."

"Nisamehe."

"Si wewe uliyesema." Akafunga bomba. "Watu walikuwa wakija kukutazameni huko?"

"Wachache. Wazee wazee, na mbwa wao."

"Hata mvua ikinyesha?"

"Kule mvua haikatiki. Walikuja."

"Basi walikuwa wakiona kitu. Na mie nataka kukiona. Nambie nitizame wapi."

Talal akafikiri. "Usiufuate mpira. Nifuate mimi."

Mechi iliyofuata Bi Mahbuba alikuja na Awadh tu. Aliona jinsi Talal anavyogeuza shingo kabla ya kupokea pasi, anavyosogea hatua chache na mshambuliaji akakosa njia. Talal alipouchomoa mpira miguuni mwa mtu aliyekuwa anaelekea golini, uwanja ulikaa kimya. Bi Mahbuba akampiga Awadh kiwiko. "Umemuona?"

Timu haikupanda daraja wala haikushuka. Mwisho wa msimu goti likagoma kabisa, na kocha akamwomba Talal abaki awafundishe viungo wake; akakubali. Siku hiyo alimpigia simu mama yake kule Verviers, Ubelgiji, akamweleza yote, hata ile wiki ya upasuaji.

"Ungeniambia, ningekufukuza uende," mama alisema.

"Ndiyo maana sikukwambia."

Mama akacheka, kisha akauliza nauli ya Maskati.